Bakteria rafiki wa mizizi waanzie kitaluni

Nyanya ikinyauka mchana ilhali majani yangali kijani, kisha jioni ikaonekana kama imepata nafuu, mkulima mzoefu wa Ilula au Ngarenanyuki hahitaji kuambiwa jina la ugonjwa. Hukata kipande cha shina karibu na ardhi, akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi na kungoja. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe huanza kushuka taratibu kutoka kwenye jeraha la shina. Huo ni mnyauko bakteria. Nyuzi zile ni Ralstonia solanacearum kwa mamilioni, wakitoka kwenye mirija ya maji ambayo wameiziba kwa ute wao wenyewe. Nyuzi zisipotoka, na majani ya chini yakawa yameanza kuwa njano, pengine upande mmoja tu, basi mshukiwa ni mnyauko fuzari, ambao unaletwa na kuvu na una habari yake nyingine.

Kinachofuata baada ya glasi ndicho kinachonisumbua. Mkulima anakwenda duka la pembejeo na mche uliokufa mkononi. Zamani muuzaji angempa kopa, yaani dawa ya madini ya shaba, au dawa yoyote ya ukungu iliyokuwapo kwenye shelfu. Siku hizi, na hili linazidi kuonekana, anampa pakiti ya bakteria rafiki, vijidudu hai vinavyokaa kwenye mizizi na kuilinda. "Mwagia kwenye shina, mara mbili kwa wiki." Mkulima anamwagia. Nyanya zinaendelea kufa zikifuatana kwenye mstari, kwa kuwa maji ya mfereji yanambeba adui kutoka shina hadi shina. Msimu ukiisha ameshafikia uamuzi wake: hizi dawa za kibiolojia ni utapeli mtupu, na jirani zake wote wanaambiwa hivyo.

Simlaumu. Ila nadhani ameuziwa kitu sahihi kwa wakati usio sahihi. Bakteria hawa hawatibu mmea ulioshikwa. Kazi yao ni kuuwahi mzizi kabla adui hajaufikia, na mahali pa kuuwahi mzizi wa nyanya, pilipili hoho, kabichi au bilinganya ni kwenye trei ya miche. Sera zetu, mafunzo ya maofisa ugani na hata matangazo ya kampuni vinaelekeza macho shambani, na ndiyo maana fedha nyingi ya mkulima inamwagwa ardhini bila faida.

Tazama historia. Katika jimbo la Washington, Marekani, wakulima wa ngano walikuwa wakisumbuliwa na ugonjwa wa kuvu unaoozesha mizizi hadi suke linatoka jeupe, tupu. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha mazao. Waliong'ang'ania kupanda ngano juu ya ngano waliumia vibaya miaka ya mwanzo, kisha jambo la ajabu likatokea: ugonjwa ukapungua wenyewe, kuvu ikiwa bado imo ardhini. R. James Cook na David Weller, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani pale Pullman, walichimba kujua sababu. Udongo ule ukipashwa moto, kinga inapotea. Ukichukua kiasi kidogo tu cha udongo huo ukachanganya na udongo mwingine, kinga inahamia huko. Maana yake kinga hiyo ina uhai. Wahusika wakuu walikuja kujulikana kuwa bakteria wa jamii ya Pseudomonas, ambao walikuwa wameongezeka kwenye mizizi ya ngano mwaka hadi mwaka, wakitengeneza kemikali inayoizuia kuvu ile.

Wapo wanaolichukua jambo hili kama ruhusa ya kuacha kilimo cha mzunguko. Hapana. Ngano ya Pullman ilipita kwanza kwenye miaka ya hasara, na mkulima mwenye nusu ekari hana miaka ya kupoteza. Isitoshe, nyanya juu ya nyanya kwenye udongo wenye Ralstonia huzidisha msiba tu. Kinachotuhusu ni kwamba jeshi lile lilikuwa limeshakaa kwenye mzizi siku kuvu ilipofika.

Mfano wa Australia uko wazi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Allen Kerr wa Adelaide alikuwa akishughulika na ugonjwa wa vinundu kwenye mashina ya mipichi na milozi, unaosababishwa na bakteria aina ya Agrobacterium. Alipata ndugu wa bakteria huyo asiye na madhara, akampa jina K84, anayetoa kiuavijasumu kinachowaua wale waovu. Njia ya kumtumia ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Unakoroga K84 kwenye maji, unachovya mizizi ya mche, unapanda. Basi. Njia hiyo ilifanikiwa na ikasambaa nchi nyingi, na mwaka 1990 Kerr alikuwa mmoja wa washindi wa tuzo ya kwanza ya Australia Prize. Mti uliokwisha kuota kinundu haukupona kwa K84, na Kerr hakuwahi kudai kwamba ungepona. Baadaye wenzake waligundua hatari kwamba K84 anaweza kumgawia adui jeni za kujikinga dhidi ya silaha ileile. Wakakata kipande cha jeni kinachowezesha ugawaji huo, na aina hiyo mpya, K1026, ikaanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wa waridi wa Naivasha wanaujua ugonjwa huo wa vinundu, maana waridi nalo ni mteja wake.

Sasa tuingie kwenye mzizi wenyewe. Mzizi unaoota hauko kimya. Unamwaga sukari, asidi na vipande vya seli zake kwenye udongo unaouzunguka, na sehemu isiyo ndogo ya chakula ambacho jani lilikitengeneza juani huishia huko chini. Hapo ndipo bakteria hukusanyika, wengi kuliko kwenye udongo ulio sentimita chache tu pembeni. Wa kwanza kufika hupata nafasi nzuri: pale mizizi ya pembeni inapochipuka na kuacha mpasuko, na pale ncha inaposuguana na mchanga. Bahati mbaya hiyo hiyo ndiyo milango ya Ralstonia.

Bakteria rafiki akishakaa hapo huzuia kwa njia kadhaa kwa pamoja. Anakula chakula ambacho mwingine angekula. Pseudomonas hutoa molekuli zinazokamata madini ya chuma kwenye udongo, na kuvu iliyonyimwa chuma haiwezi kukua vizuri. Joseph Kloepper na wenzake walilieleza hilo mwaka 1980. Bacillus subtilis na jamaa zake hutengeneza mafuta-protini yanayotoboa utando wa seli za kuvu. Njia ninayoiona ya kuvutia kuliko zote haimgusi adui kabisa. Bakteria anausisimua mmea kupitia mizizi, na mmea mzima, hadi majani ya juu, unakaa chonjo. Ugonjwa ukija, kinga yake inaamka haraka kuliko ya mmea ambao haukusisimuliwa. Hilo lilithibitishwa na makundi tofauti ya watafiti mwaka 1991. Lakini kusisimua huko kunataka muda. Mmea ambao mirija yake imeshazibwa na ute hauna muda huo.

Kwa hiyo kitalu. Chukua ekari moja ya nyanya iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60. Hiyo ni miche kama 11,000. Ukiiotesha kwenye trei za mashimo 200, unahitaji trei 55, na zote zinatosha kwenye eneo lisilofika mita za mraba 10. Ekari yenyewe ina mita za mraba zaidi ya 4,000. Bakteria wale wale, gharama ile ile: utawamwaga kwenye mita 10 ambako kila tone linagusa mzizi, au kwenye mita 4,000 ambako sehemu kubwa inaangukia udongo mtupu katikati ya mistari?

Hesabu ya eneo ni nusu tu ya hoja. Udongo wa shambani una wenyeji wake, ambao hawampokei mgeni kwa ukarimu. Bakteria aliyelelewa kwenye pipa la kiwandani, akishiba kila siku, akimwagwa kwenye udongo wenye njaa na ushindani mkali, idadi yake huporomoka ndani ya wiki chache. Hii ndiyo sababu majaribio mengi yanayong'aa maabara yanafifia shambani. Kwenye sahani ya maabara utaona duara safi kuzunguka kundi la bakteria ambamo kuvu haikuota, na picha hiyo inapendeza sana kwenye kipeperushi, lakini haisemi lolote kuhusu kuishi kwenye udongo mfinyanzi wa Kilolo mwezi Januari. Trei ni jambo jingine. Imejazwa mboji iliyochemshwa, makapi ya nazi au peti (mabaki ya mimea ya kinamasi), vitu visivyo na wenyeji wengi. Mgeni anakuta nyumba tupu na mzizi mchanga unaomwaga sukari. Mche ukihamishwa baada ya wiki nne, unakwenda shambani na donge lake na walinzi wake.

Faida ya kwanza inaonekana hata kabla ya kuhamisha. Kinyausi, ule ugonjwa unaokata miche kwenye shingo usiku mmoja na kuacha pengo la mviringo kitaluni, huletwa na kuvu na jamaa zake wa udongoni, na hapo Bacillus wana kazi wanayoiweza. Mwotesha miche anayepoteza trei chache kila mzunguko kwa kinyausi ataona tofauti kwa macho yake, bila kungoja mavuno. Kwa mtu wa biashara, ushahidi wa namna hiyo una uzito kuliko semina.

Shambani dhidi ya Ralstonia nataka tuwe wakweli. Bakteria peke yao hupunguza, hawamalizi. Pale ambapo ugonjwa umekomaa ardhini, bado unahitaji kuacha jamii yote ya nyanya, viazi na bilinganya kwa misimu kadhaa na kupanda mahindi au vitunguu. Unahitaji kuzuia maji yasitiririke kutoka kwa jirani, na kupambana na minyoo fundo, kwa sababu kila kidonda kinachochimbwa na mnyoo kwenye mzizi ni mlango. Kuna pia kuunganisha mche wa nyanya kwenye shina la bilinganya au nyanya sugu, kama Hawaii 7996, kazi ambayo Kituo cha Mboga cha Dunia kimekuwa kikiihimiza kwa miaka. Nayo, angalia, ni kazi ya kitaluni. Mche uliounganishwa na kulelewa na bakteria wake unaingia shambani na kinga mbili kwa mpigo. Samadi iliyoiva vizuri nayo huongeza idadi na aina za wenyeji wa udongo, jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila pakiti yoyote.

Sasa pakiti. Hapa ndipo penye uozo, na uozo huo hauwahusu bakteria. Hiki ni kiumbe hai kinachouzwa kwenye mfumo uliozoea unga na mafuta. Bacillus anavumilia kwa kuwa anajifunga ndani ya spora, ganda gumu linalohimili joto na ukavu. Pseudomonas hana uwezo huo, anataka ubaridi. Ukimweka Pseudomonas kwenye duka la bati, kando ya dirisha la magharibi, miezi mitatu ya kiangazi, unachouza baadaye ni maji yenye harufu. Halafu mkulima anamchanganya na kopa kwenye bomba moja "ili asirudie kupiga", na kopa hiyo hiyo ndiyo inayotumika kuua bakteria. Wengine wanakoroga na maji ya bomba yenye klorini muda huo huo yanapotoka. Haya ni mambo ya kueleza kwa sentensi mbili kwenye lebo, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Lebo nyingi nilizowahi kushika hazina sentensi hizo. Zina picha ya nyanya kubwa.

Tatizo la ubora limeshapimwa. Mradi wa utafiti wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009 chini ya taasisi ya TSBF-CIAT, ulizichunguza bidhaa zaidi ya 100 za vijidudu na virutubisho zilizokuwa zikiuzwa Kenya, Ethiopia na Nigeria. Zilizofanya kile zilichodai zilikuwa chache. Nyingine hazikuwa na kiumbe aliyeandikwa kwenye pakiti, au zilikuwa na wageni wasioalikwa. Kwa matokeo kama hayo, mkulima anayesema "utapeli" hajakosea sana.

Nani azuie? Kwa Tanzania, kiuatilifu kinasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; mbolea na visaidizi vyake viko kwa TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Sasa Bacillus subtilis huyu mmoja, akiandikwa "huzuia kinyausi", ni kiuatilifu. Akiandikwa "huimarisha mizizi na kuongeza mavuno", anakuwa kirutubisho. Mwagizaji mwerevu atachagua sentensi yenye mlango mwepesi, kisha dukani muuzaji anajaza kwa mdomo kile ambacho lebo haikuruhusiwa kusema. Mamlaka hizi mbili zingekubaliana jambo moja dogo: chochote chenye uhai kwenye pakiti, kwa jina lolote, kipimwe kwa kuhesabu seli hai kwa gramu, siyo siku kinapoingia bandarini tu, bali pia kikiwa dukani Makambako miezi sita baadaye. Kuhesabu huko hakuhitaji mashine ya mabilioni. Sahani, chakula cha bakteria, kabati la joto na fundi wa maabara mwenye subira vinatosha.

Usalama nao usipuuzwe kwa kisingizio cha "asili". Burkholderia cepacia aliwahi kuonekana mlinzi bora wa mizizi, hadi ilipodhihirika kwamba jamaa zake hao hao huwaua wagonjwa wenye maradhi ya kurithi ya mapafu. Marekani ikamwekea vizuizi. Nawaambia hivi wanaochachusha maji ya udongo na molasesi kwenye pipa na kuyauza kwa lita: pipa hilo linazalisha yeyote aliyekuwa na njaa ndani yake, mwema au mbaya, na hakuna aliyehesabu.

Uwezo tunao, kuliko tunavyojisifia. Pale Kibaha kuna kiwanda cha Tanzania Biotech Products, kilicho chini ya NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, kilichojengwa kwa teknolojia ya kampuni ya Labiofam ya Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Kazi yake ya kwanza ni kukuza Bacillus wanaoua viluwiluwi vya mbu, kwa uwezo wa lita milioni 6 kwa mwaka. Mapipa yanayomkuza Bacillus wa mbu hayatofautiani sana na yanayomkuza Bacillus wa mizizi. Ila historia ya kiwanda hicho ina funzo chungu: Juni 2017 ilibidi Rais Magufuli afike mwenyewe na kuziagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Kuzalisha kulitangulia soko. Bakteria wa mizizi wakizalishwa kwa mtindo huo, kisha wakasubiri agizo kutoka juu, watafia ghalani kihalisia.

Aflasafe, bidhaa ya kuzuia sumukuvu kwenye mahindi na karanga, ilikwenda kwa njia nyingine. Ni kuvu, siyo bakteria, lakini mantiki ni ile ile: aina isiyo na sumu inawahi nafasi ya ile inayotoa sumukuvu, ambayo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kilo 4 kwa ekari zinatawanywa kwenye mahindi au karanga wiki mbili hadi tatu kabla ya maua. Ukichelewa, umechelewa. Aina zake zilitafutwa kwenye mashamba ya nchi husika, zikajaribiwa humo humo, na maelekezo yake yana tarehe inayotegemea mmea wenyewe. Bidhaa ya bakteria wa nyanya inayostahili jina hilo ingepita njia hiyo: watafutwe kwenye mizizi ya minyanya iliyobaki hai katikati ya shamba lililokufa pale Ilula au Lushoto, na si kwenye orodha ya bei ya ng'ambo.

Mtu atauliza nani atalipa, kwa kuwa mwotesha miche hapati hata senti zaidi kwa mche wenye walinzi kuliko mche mtupu. Kweli, na hili ndilo pengo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Mche wa nyanya unaouzwa kando ya barabara hauna karatasi. Mnunuzi anatazama urefu na rangi ya jani. Bila alama inayotofautisha, mwotesha mwangalifu anashindana kwa bei na yule anayejaza trei kwa udongo wa shamba lenye mnyauko, na huyo wa pili atashinda.

Jaribio la kuanzia linaweza kupangwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) au Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) pamoja na waotesha miche watatu au wanne wa kibiashara. Trei 55 zenye bakteria, trei 55 zisizo nao, mbegu moja, shamba moja lenye historia ya mnyauko, msimu wa mvua na wa umwagiliaji. Mimea inayonyauka ihesabiwe kila wiki, shina la kila uliokufa likatwe na kuwekwa kwenye glasi ya maji ili ijulikane aliuawa na nani. Matokeo yachapishwe kwa Kiswahili, pamoja na jina la bidhaa na idadi ya seli hai iliyokutwa kwenye pakiti siku ya kufunguliwa. Kama bakteria watashindwa, hilo nalo lichapishwe, na duka liache kuwauza kwa ajili ya mnyauko.